Zahanati tumejengewa, dawa ziko wapi?

Swali: "Mtaalamu, mimi ni mfanyabiashara mdogo katika kaunti moja ya Pwani. Tangu ugatuzi uanze 2013 nimepiga kura kila uchaguzi, sijakosa. Kijijini kwetu tulijengewa zahanati, gavana akaja kuizindua kwa ngoma na mahema. Leo ina muuguzi mmoja. Akienda likizo inafungwa. Akiwepo, anakuandikia dawa kwenye karatasi ukanunue dukani. Demokrasia hii imetufaa nini? Si afadhali tupate mtu mmoja mkali atunyooshee mambo?"

Jibu:

Dada, nianze na lile la mwisho, la mtu mkali, kwa kuwa ndilo ninaloulizwa zaidi siku hizi, na wanaouliza wengi ni vijana waliozaliwa wakati Nyayo, yaani Rais Moi, ameshafungasha virago. Kenya ilishampata mtu mkali. Juni 1982 Bunge lilipachika kifungu cha 2A katika Katiba, KANU ikawa chama pekee kisheria, na ikabaki hivyo hadi Desemba 1991. Hapakuwa na Seneti ya kubisha wala gavana wa kulalamika, na majaji walijua mpaka wao ni wapi. Miradi ya mashinani ilipitia kwa mkuu wa wilaya, mtu aliyeteuliwa kutoka Nairobi na aliyeogopa Nairobi peke yake. Kama ukali ungekuwa tiba, Turkana na Kwale zingepona zamani. Tulichovuna ni kashfa ya wizi wa fedha za umma ya Goldenberg, barabara zilizobaki mashimo, na uchumi ambao kufikia mwaka 2000 ulikua kwa chini ya asilimia 1. Watu hunitajia Singapore, iliyoinuka chini ya kiongozi mkali. Sijaona anayenitajia Zaire, Kongo ya leo, ambako Mobutu alikuwa mkali kwa zaidi ya miaka 30.

Na hata kabla ya chama kimoja, uamuzi ulikuwa wa watu wachache. Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965 ulisema wazi kwamba fedha za maendeleo ziende pale zitakapoleta faida kubwa na ya haraka, yaani penye ardhi nzuri, mvua na barabara tayari. Asiye na kitu akaambiwa asubiri mwenye nacho azidishe, kisha kitamfikia. Bara la Pwani na Kaskazini zilisubiri karibu miaka hamsini. Ndiyo maana Katiba ya 2010 ikaweka kaunti 47 na kuzihakikishia fedha kwa sheria, si kwa hisani. Hilo usilisahau unapokasirika, na una haki ya kukasirika.

Sasa swali lenyewe. Maoni yangu ni kwamba zahanati yenu haina dawa kwa sababu siasa yetu inalipa jengo na hailipi dawa. Jengo hukatwa utepe, hupigwa picha, hubandikwa jina la aliyelileta. Muuguzi wa pili na boksi la dawa za malaria havina sherehe. Wizi upo, sikatai, na nitaugusa. Lakini hata ukiwaondoa wezi wote kesho asubuhi, mambo matatu yataendelea kuisukuma kaunti yako ijenge badala ya kuhudumia: sheria za fedha, namna pesa zinavyoteremka kutoka Nairobi, na sisi wananchi wenyewe tunavyoomba.

Tuanze na sheria. Nyongeza ya Nne ya Katiba imezipa kaunti hospitali na zahanati zake, ambulensi na afya ya msingi. Serikali Kuu ikabaki na sera na hospitali za rufaa za kitaifa. Kwa hiyo mwenye zahanati yenu ni gavana, si Waziri wa Afya. Ila Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo. Nia ilikuwa njema: pesa zote zisiishie kwenye mishahara na posho. Lakini kwa lugha ya bajeti, "maendeleo" maana yake ni kuta, mabati, magari na mashine. Mshahara wa muuguzi ni matumizi ya kawaida. Dawa ni matumizi ya kawaida. Petroli ya ambulensi pia. Halafu kanuni za 2015 zikaongeza kwamba mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na kaunti nyingi zilishauvuka mpaka huo kitambo.

Unaona mtego? Gavana akijenga zahanati tatu mpya, vitabu vyake vya hesabu vinapendeza. Akiajiri wauguzi watano wa kuendesha zahanati zilizopo, anaandikwa kwenye ripoti kuwa amekiuka kiwango cha mishahara. Ndiyo maana ukizunguka nchi hii utakuta majengo mazuri yenye kufuli. Nimeyaona yaliyogeuzwa banda la mbuzi, na rangi ya ukutani bado haijachujuka.

Hapo ongeza mwakilishi wadi. Kenya ina wadi 1,450, na kila mwakilishi anataka kitu cha kuonyesha ndani ya wadi yake kabla ya uchaguzi. Mradi unagawanywa kwa wadi, si kwa mahitaji. Zahanati ya jirani iliyo kilomita nne haina maji wala muuguzi, lakini iko wadi nyingine, kwa hiyo haimpi mtu kura huku kwenu. Inajengwa ya pili, na ile ya kwanza inabaki vile vile. Wahandisi na maafisa wa afya wa kaunti wanalijua hili vizuri, na wengi walishachoka kulisema kwenye mikutano.

Kuhusu pesa, hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wananchi wengi hudhani gavana ana gunia lake pale makao makuu. Hana. Katiba inasema kaunti zote kwa jumla zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, lakini hesabu hiyo inapigwa kwa kutumia mapato ya mwaka wa mwisho uliokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Taifa, ambao mara nyingi huwa ni wa nyuma sana. Mwaka wa kwanza, 2013/14, mgao ulikuwa Sh190 bilioni. Ulifika Sh370 bilioni mwaka 2021/22. Mwaka 2024/25 ulikuwa Sh387.4 bilioni. Linganisha mwenyewe bei ya unga na petroli katika miaka hiyo mitatu, uone kama ongezeko hilo ni ongezeko kweli. Na mwaka huo huo bajeti nzima ya nchi ilikuwa ikikaribia Sh4 trilioni, sehemu kubwa ikienda kulipa madeni. Kwa hiyo kaunti zenye kubeba afya, maji, kilimo na barabara za vijijini zilipata kama shilingi moja katika kila kumi.

Kisa cha mwaka huo kinafaa kusimuliwa, maana kinajibu swali lako la demokrasia kuliko hotuba yoyote. Mgao uliopitishwa kwanza ulikuwa Sh400.1 bilioni. Juni 2024 vijana wakajaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, tarehe 25 waandamanaji wakaingia Bungeni, watu wakauawa, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatausaini. Ulikuwa ushindi mkubwa wa raia. Lakini kodi zilizokuwa zikitarajiwa zikatoweka kwenye hesabu, na Hazina ya Taifa ikageukia mgao wa kaunti. Seneti na Bunge la Taifa zikavutana kuhusu kiasi cha kukata hadi mwishoni mwa mwaka. Waliopigania nafuu ya maisha wakapata nafuu, na zahanati kama yenu zikachangia gharama yake bila kuulizwa. Sisemi vijana walikosea. Mswada ule ulistahili kupingwa. Nasema tu kwamba raia walikuwa na sauti kubwa siku ya kodi, na siku ya kuamua nani apunguziwe hawakuwepo mezani.

Kisha kuna kuchelewa. Pesa zikishapitishwa haziji kwa mpigo. Hazina ya Taifa huzitoa kwa mafungu ya kila mwezi, na mafungu hayo huchelewa miezi miwili, mitatu, wakati mwingine zaidi. Zikifika, kaunti haiwezi kuzigusa bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Kinacholipwa kwanza ni mishahara, kwa kuwa mshahara una chama cha wafanyakazi: wauguzi waligoma miezi mitano mwaka 2017, na madaktari siku 56 mwaka 2024. Dawa hazina chama. Boksi la paracetamol haliwezi kugoma wala kuandamana hadi ofisi ya gavana.

Ndipo inapoingia KEMSA, mamlaka ya serikali inayosambaza dawa. Muuguzi wenu huandika agizo kila robo ya mwaka, agizo hilo linapanda hadi kaunti ndogo na makao makuu, kaunti inaagiza KEMSA, na KEMSA inataka ilipwe. Kaunti nyingi zina deni huko, na zenye deni kubwa hupunguziwa au husimamishiwa mzigo. Yenyewe KEMSA si malaika. Sote tunaikumbuka kashfa ya vifaa vya korona mwaka 2020. Lakini usishangae muuguzi akikwambia aliagiza aina thelathini za dawa zikaja kumi na mbili. Huenda anasema kweli. Na tangu Juni 2013, Serikali Kuu ilipofuta ada katika zahanati na vituo vya afya, hana hata zile shilingi kumi za wagonjwa za kununulia glavu. Ahadi ilitolewa Nairobi, pengo likabaki kwenye kabati lake. Msimgombeze.

Wizi sasa. Ukisoma ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu utakuta yale yale kila mwaka: tenda zisizo na stakabadhi, wafanyakazi hewa, miradi iliyolipiwa kabla haijakamilika. Madeni ambayo kaunti hazijawalipa wanakandarasi na wauzaji yamepita Sh150 bilioni. Mfanyabiashara kama wewe analielewa jambo hili haraka kuliko mchumi: anayejua atalipwa baada ya miaka mitatu, na labda baada ya kumpa mtu kitu, anaweka bei mara mbili tangu mwanzo. Hiyo tofauti unailipa wewe. Na huko pia jengo lina utamu wake, kwa sababu tenda ya ujenzi ni mara moja na ni nono, wakati mshahara wa muuguzi unaingia kwake moja kwa moja na hakuna wa kulamba kidole katikati.

Magavana wameshaondolewa, kwa hiyo usiambiwe hakuna meno. Ferdinand Waititu wa Kiambu aling'olewa Januari 2020, Mike Sonko wa Nairobi Desemba mwaka huo huo. Ila nikupe maoni yangu bila kuyapamba: kumng'oa gavana kumekuwa zaidi silaha ya wawakilishi wadi kuliko ya wananchi, na sijaona mahali ambapo zahanati ilipata dawa kwa sababu gavana ameondoka.

Palipobadilika kidogo ni Makueni, na napenda kupataja kwa sababu palianza vibaya. Mwaka 2014 gavana, Profesa Kivutha Kibwana, na wawakilishi wadi walikorofishana kwa ajili ya bajeti hadi risasi zikafyatuliwa kwenye bunge la kaunti. Wananchi wakatia saini ombi la kuivunja kaunti yao yote, tume ikaundwa kuchunguza, na 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuivunja. Kilichofuata ndicho cha kujifunza. Mikutano ya bajeti ilianzia vijijini, ikapanda hadi wadi na kaunti ndogo, watu wakichagua wajumbe wao wa kwenda ngazi ya juu. Kila mradi ukawa na kamati ya wakazi, na mwanakandarasi hakulipwa kabla kamati hiyo haijaweka saini kwamba kazi imefanyika. Mwaka 2016 wakaanzisha MakueniCare: familia ilikuwa ikilipa Sh500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Makueni si peponi, na bado wakazi wake wanalalamika, kama inavyotakiwa. Lakini ona lile la saini. Halikuhitaji gavana mkali wala pesa za ziada kutoka Nairobi. Liliweka kalamu mkononi mwa mtu anayeishi karibu na jengo.

Na sisi wananchi? Hapa utaniwia radhi. Nimeketi kwenye mikutano mingi ya ushirikishaji wa umma, na maombi karibu yote huanza na neno "tujengewe". Tujengewe zahanati, tujengewe soko, tujengewe ofisi ya chifu. Ni nadra mtu kusimama na kusema: mwaka huu msijenge kitu, tuleteeni muuguzi wa pili na mlipe deni la dawa. Wanaoandaa mikutano hiyo nao wana lao. Tangazo linatoka gazetini siku mbili kabla, kwa Kiingereza. Kitabu cha bajeti kina mamia ya kurasa. Ukumbi uko mjini, mbali na shamba. Anayefika anapewa soda na nauli, anatia saini daftari, na daftari hilo ndilo ushahidi kwamba umma umeshirikishwa. Mahakama Kuu ililikataa hilo mapema. Mwaka 2014 Jaji George Odunga aliibatilisha sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa kikweli, na akasema kaunti zitumie makanisa, misikiti, mabaraza na redio za lugha za wenyeji kuwafikia watu. Hukumu hiyo waulizeni wakubwa wenu kama wanaijua.

Basi ufanye nini, wewe na jirani zako, kabla ya Agosti 2027?

La kwanza ni kwenda kwa wakati. Watu huenda kwa gavana Oktoba kulia kwamba hakuna dawa, na bajeti ilishafungwa Juni 30. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hufikishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka unaogawa viwango, afya ipate ngapi na barabara ngapi, hufika kufikia Februari 28, na huo ndio muhimu kuliko yote ingawa ndio unaovutia watu wachache zaidi. Makadirio yenyewe huwasilishwa kufikia Aprili 30. Kati ya Februari na Mei mwakilishi wadi wako ana kitu cha kukufanyia. Baada ya hapo ana maneno tu. Mkienda, nendeni na ombi la matumizi ya kawaida: muuguzi wa pili, dawa za robo zote nne, maji. Mkutane kwanza wenyewe, kanisani au msikitini au kwenye chama chenu cha akina mama, mkubaliane jambo moja. Watu ishirini wenye ombi moja wanasikika kuliko mia wenye maombi mia.

La pili ni karatasi. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinakuruhusu kuomba kumbukumbu za serikali, kwa Kiswahili, bila ada ya kuwasilisha ombi. Wakikutoza, iwe gharama ya kunakili tu. Mwandikie katibu wa kaunti barua fupi kama hii:

"Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba, naomba nakala za maagizo ya dawa ya zahanati yetu kwa robo mbili zilizopita pamoja na hati za kupokelea mzigo, kiasi cha fedha kilichotengewa dawa za zahanati katika bajeti ya mwaka huu na kiasi kilichokwisha kulipwa, na idadi ya wauguzi wanaopaswa kuwepo katika zahanati hii."

Usiandike malalamiko ndani yake wala kumtuhumu mtu. Andika jina la zahanati, tarehe na namba yako ya simu. Mwombe karani agonge muhuri kwenye nakala utakayobaki nayo. Wana siku 21 za kujibu, na wanaweza kujiongezea 14 mara moja tu. Wakinyamaza, peleka nakala hiyo yenye muhuri kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman. Ina ofisi Mombasa.

Wakijibu, linganisha majibu na ripoti za robo mwaka za Msimamizi wa Bajeti, ambazo ziko wazi kwa umma na kila kaunti ina sehemu yake. Ukiona dawa zilitengewa pesa na zikalipiwa lakini hati ya kupokelea mzigo haipo, hilo ni jambo la wapelelezi wa EACC, tume ya kupambana na ufisadi. Ukiona zilitengewa na hazikulipiwa, ni la Hazina na la waziri wa fedha wa kaunti. Na ukiona hazikutengewa kabisa, basi mwulize mwakilishi wadi wako, mbele ya watu, alipigia kura bajeti gani.